Klarineti ya pili katika Simfoni ya Tano ya Tchaikovsky: uanzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, ninasoma Hamburg. Klarineti nilijifunzia kwenye bendi ya kanisa nyumbani, huu ni mwaka wa saba, lakini sijawahi kukaa kwenye okestra. Sasa okestra ya wanafunzi hapa chuoni imenipa klarineti ya pili katika Simfoni ya Tano ya Tchaikovsky. Tamasha ni mwanzoni mwa Februari, zimebaki wiki tisa. Karatasi niliyopewa ni ya klarineti ya A, na mimi nina ya Bb tu. Nikizitazama nota, nyingi si ngumu, ila moyo unanidunda. Nianzie wapi? Na je, nizishike zote kichwani?"

Marahaba mwanangu, na hongera. Umeniandikia kutoka mji ambao simfoni hii ina deni nao. Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi, aliitunga kati ya Mei na Agosti 1888, akaiongoza mwenyewe mara ya kwanza Petersburg mwezi Novemba mwaka huohuo, na baada ya wiki chache akaanza kuamini kwamba ameshindwa. Alimwandikia hivyo mfadhili wake, Bi Nadezhda von Meck. Machi 1889 akaja kuiongoza hapo Hamburg. Alikuwa ameitoa kwa heshima ya mzee mmoja wa mji huo, Theodor Avé-Lallemant. Brahms, mtunzi mkubwa ambaye ni mzaliwa wa Hamburg, aliahirisha safari yake siku moja ili asikilize mazoezi. Alimwambia Tchaikovsky kwamba ameipenda, isipokuwa sehemu ya mwisho. Wapigaji wa Hamburg waliipenda pia, na baada ya hapo mtunzi akaanza kuitazama upya kazi yake. Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti chako, kumbuka kwamba kuna watu wa mji huo waliowahi kuyapiga mazoezi haya mbele ya mtunzi mwenyewe.

Tuanze na hiyo A, maana usipoimaliza wiki hii itakula wiki zako zote. Simfoni nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, imeandikwa kwa klarineti za A, ambazo hulia nusu hatua chini ya Bb. Unaweza kuipiga kwa Bb kwa kushusha kila nota nusu hatua, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini tazama kinachotokea. Sehemu ya kwanza iko katika mi ndogo (E minor; hapa do, re, mi nazitumia kwa C, D, E). Mwenye klarineti ya A anaisoma kwa flati mbili, wewe mwenye Bb utaipiga kwa shapu tatu. Sehemu ya pili, iliyo katika re kubwa, kwake ni flati moja, kwako ni shapu nne. Vali (dansi ya waltz) ya sehemu ya tatu kwake haina shapu wala flati, kwako ina shapu tano. Na sehemu ya mwisho, pale ilipo katika mi kubwa, kwake ni shapu moja tu, kwako ni sita. Halafu kuna nota ambayo Bb haina kabisa: mi ya chini kabisa ya klarineti ya A inalia nusu hatua chini ya nota ya mwisho ya klarineti yako. Ukikutana nayo huna pa kuipeleka.

Kwa hiyo kodisha klarineti ya A. Ujerumani maduka ya vyombo hukodisha kwa mwezi, na okestra za vyuo mara nyingi zina chombo kabatini, uliza kabla hujatoa fedha. Kuwa makini na jambo moja. Wajerumani wengi hupuliza klarineti za mfumo wa Oehler, ambazo vidole vyake si hivi ulivyojifunza. Wewe, kama karibu kila mtu aliyelelewa kwenye bendi zetu, bila shaka una mfumo wa Böhm. Omba A ya Böhm kwa jina, na ukafanye majaribio palepale dukani ukiwa na kipulizio chako, kwa sababu kipulizio kimoja kinatumika kwa Bb na kwa A. Ridi pia, kile kipande cha mwanzi kinachotetema kwenye kipulizio, usinunue bila kuuliza: zile zilizokatwa kwa vipulizio vya Kijerumani hazikai sawasawa kwenye cha Kifaransa.

Klarineti ya A ni ndefu kidogo. Utaona matundu yako mbali zaidi na hewa inagoma kidogo mwanzoni. Siku tatu za kwanza usiguse Tchaikovsky. Puliza nota ndefu za chini tu, kutoka sol ya chini kushuka hadi mi, kila moja hadi pumzi ikaribie kuisha, mpaka vidole viache kutafuta.

Sasa tufike mahali ninapotaka ukae muda mrefu kuliko pote, yaani mwanzo kabisa wa simfoni.

Ukumbi uko kimya. Kondakta anainua mkono. Wanaoanza ni klarineti mbili, ya kwanza na ya pili, zote zikipiga tuni moja, kimo kimoja, kwa sauti ya chini, huku nyuzi zikiwashikilia kwa chini. Hapo hakuna wa kwanza wala wa pili. Ile tuni nzito ndiyo itakayorudi katika kila sehemu hadi mwisho. Katika daftari lake Tchaikovsky aliandika kuhusu utangulizi huu maneno ya kuinamia majaliwa kikamilifu. Kwa nini basi hakumpa mtu mmoja aipige peke yake? Naamini ni kwa sababu ya rangi. Klarineti moja kwa chini ina sauti ya mtu, ukiisikia unajua fulani anaongea. Mbili zikishikana sawasawa, mtu anapotea na sauti inakuwa haina mwenyewe. Ndivyo majaliwa yanavyopaswa kusikika. Na sauti hiyo haipatikani mpaka wa pili awe ndani yake kabisa, kwa hiyo usidhani umepewa kazi ndogo.

Ugumu wake ni huu. Mwenzako akitoa mitetemo 196 kwa sekunde na wewe 198, mtasikia mapigo mawili kila sekunde, wau-wau, wau-wau, kama feni ya dari inayoyumba. Katika sauti kubwa ya okestra nzima mapigo hayo humezwa. Hapa, mkiwa wawili juu ya nyuzi za chini, hakuna cha kuyameza. Na klarineti ina tabia yake: ukipuliza kwa nguvu hushuka, ukipuliza polepole hupanda. Mmoja wenu akiogopa na kupunguza pumzi, na mwingine akajikaza, mmeshaachana kabla ya nota ya pili.

Dawa ninayoijua ni kukaa na mwenzako chumbani, si kukaa peke yako na kifaa cha kutuni. Mwandikie leo. Mwombe saa moja, nyinyi wawili tu. Kaeni bega kwa bega kama mtakavyokaa jukwaani, msitazamane. Yeye ashike nota moja ya chini, polepole, bila kuitikisa. Wewe ingia chini ya sauti yake, kiasi kwamba mwanzoni unajisikia kidogo tu, kisha uongeze pumzi kidogo kidogo. Mapigo yakisikika, usikimbilie kuvuta pipa la chombo, kile kiungo kifupi chini ya kipulizio. Rekebisha kwanza kwa koo na midomo: legeza kidogo, fikiria irabu "o" badala ya "i". Utasikia mapigo yanapungua kasi, wau… wau… wau, halafu yanalala. Hapo yanapolala ndipo kuna kitu cha ajabu: hutajua tena sauti ipi ni yako. Kaeni hapo. Mkumbuke midomo na pumzi zilivyokaa, kisha mwende nota inayofuata. Tuni yote ya mwanzo ifanyeni hivyo, nota moja moja, kabla ya kuipiga kama tuni. Itachukua saa nzima, na mtaipiga vizuri zaidi kuliko watu waliokariri kwa mwezi.

Kama mwenzako ni Mjerumani mwenye Oehler, rangi zenu zitatofautiana. Ya kwake huwa imefungamana na nyeusi kidogo, ya kwako ina mwanga zaidi. Usijaribu kuwa yeye. Punguza makali ya mwanzo wa nota. Ulimi wako uguse ncha ya ridi kama unayefuta vumbi, na pumzi iwe tayari nyuma ya ulimi kabla hujauondoa. Tofauti kubwa kati ya wapulizaji wawili husikika pale nota inapoanza. Zikishaanza pamoja, masikio ya wasikilizaji huwasamehe mengi.

Kuhusu mwendo, Tchaikovsky ameandika Andante, pigo 80 kwa dakika. Wengi huiburuza wakidhani uzito ni ucheleweshaji. Kondakta wako ataamua, nawe utamfuata, lakini nyumbani jifunze kwa 80, na pia kwa 66, ili siku akibadili usiishiwe pumzi katikati ya kirai. Kubalianeni mtavuta pumzi wapi, na mwandike alama kwa penseli kwenye karatasi zote mbili. Ile nota fupi kabla ya kupanda isilegezwe ikawa ndefu: watu wawili wakiifupisha kwa namna mbili, tuni yote inachechemea.

Nikwambie lililonipata. Mara yangu ya kwanza kuipiga mwanzo huu mbele ya watu, ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, na hotuba zilirefuka. Tulikaa dakika ishirini vyombo vikiwa magotini. Klarineti ya baridi hushuka. Tulipoanza, mwenzangu alikuwa amekipuliza chake hewa ya moto kimyakimya muda wote, mimi sikufanya hivyo. Nota ya kwanza ilikuwa mbili. Niliisikia, na nadhani kila mtu aliisikia. Tangu siku hiyo, kabla ya simfoni hii, chombo changu hakikai gotini. Nakishika karibu na kifua, nikipitisha hewa ya moto ndani yake bila kutoa sauti, mpaka kondakta anapopanda. Februari ya Hamburg itakufundisha jambo hilo kwa ukali zaidi, kwa hiyo nakuomba ulijifunze kwangu.

Na okestra nyingi za Ujerumani hutuni nota ya la (A) kwa mitetemo 443 kwa sekunde, si 440. Uliza mazoezi ya kwanza. Chombo chako cha bendi kikiwa kimezoea 440, huenda ukahitaji pipa fupi zaidi. Pia usishtuke kondakta akitaja majina ya nota: Wajerumani wanaposema B wanamaanisha Bb, na ile tunayoiita B wao huiita H. Nimeona mgeni akisahihisha nota iliyokuwa sahihi kwa sababu hiyo tu.

Baada ya utangulizi, sehemu ya kwanza inaingia Allegro con anima, 6/8. Tuni ya kwanza inachukuliwa na klarineti ya kwanza pamoja na basuni, kwa sauti ya chini, juu ya nyuzi zinazogusa na kuacha. Hiyo si yako, lakini jifunze kana kwamba ni yako. Mtu huugua Februari, na asubuhi ya tamasha anayetazamwa ni wewe. Zaidi ya hapo, ukiijua tuni hiyo utaelewa kila kitakachokuja baada yake. Wewe uliyekulia kwenye kwaya na ngoma, 6/8 haikusumbui mwilini. Kinachosumbua ni kwamba ikiwa laini watu huikimbiza. Weka metronomu ipige mara mbili kwa kila kipimo, si mara sita, mwendo ulioandikwa ni 104, na ukae nyuma ya pigo badala ya kulivamia.

Sehemu ya pili ni ya honi, ile pembe ya shaba ya okestra (French horn). Utaisikia ikiimba peke yake muda mrefu, na klarineti ya kwanza ikiijibu. Katikati, pale mwendo unapobadilika kuwa Moderato con anima, klarineti ya kwanza ina tuni nyingine ya upweke, basuni ikafuata. Kwako kazi kubwa hapa ni kuhesabu na kusubiri, kisha kuingia chini ya mtu bila kumgusa. Mtunzi ameandika con alcuna licenza, yaani kwa uhuru fulani, na karatasi imejaa maelekezo ya kuharakisha na kupunguza. Usijifunze kwa metronomu peke yake. Sikiliza rekodi ukiwa na kitabu cha kondakta chenye vyombo vyote, kipo bure kwenye intaneti kwa kuwa haki zake zimekwisha zamani. Tuni ya majaliwa inalipuka mara mbili ndani ya sehemu hii, kwa sauti kubwa, bila kubisha hodi. Weka alama nyekundu kabla ya kila mlipuko, kwa sababu nimewahi kuona safu nzima ya wapulizaji imezama kwenye uzuri wa honi hadi ikachelewa.

Rekodi ipi? Ile ya kondakta Mravinsky na okestra ya Leningrad ya 1960 ni kali na ya haraka, na vyombo vya kupuliza vya Kirusi vina rangi yake. Isikilize, kisha usikilize nyingine mbili tofauti nayo, ili usije ukadhani simfoni ina njia moja.

Vali sina mengi ya kusema. Ni nzuri, nyepesi, na katikati kuna nota za mbio zinazokimbizana kati ya nyuzi na vyombo vya kupuliza. Zifanyie kazi taratibu, kwa makundi ya nne nne, ukibadilisha mahali pa mkazo. Lakini ukurasa wa mwisho usiupite. Wakati watu wanacheza na wamesahau, klarineti na basuni zinaileta tena ile tuni ya mwanzo, chinichini, ndani ya mdundo wa vali. Ni kama mtu aliyepita dirishani wakati wa arusi. Kama mlifanya lile zoezi la saa moja, hapa ndipo linalipa mara ya pili.

Sehemu ya mwisho inafungua kwa tuni hiyohiyo, sasa katika mi kubwa, kisha inakuwa Allegro vivace na kelele nyingi. Shaba ziko nyuma yako, tarumbeta, trombone tatu na tuba, nawe utajaribiwa kushindana nazo. Usishindane. Ukijikaza utashuka kimo na midomo itakufa kabla ya kurasa za mwisho. Puliza kwa sauti nzima yenye mwili, basi, na uachie shaba kazi yao. Karibu na mwisho kuna kituo kikubwa ambapo wasikilizaji wengine hudhani kumekwisha na kupiga makofi. Usishushe chombo. Kazi bado.

Kimoja kuhusu chombo chenyewe. Klarineti yako kwa uwezekano mkubwa ni mpingo, mti wa kwetu. Viwanda vya Ulaya huuchukua Tanzania na Msumbiji, na vijiji vya Kilwa vina misitu yao ya mpingo vinayoivuna kwa utaratibu. Mti huo umekulia kwenye joto. Kuuchukua kutoka barabarani Hamburg mwezi Januari na kuupuliza kwa nguvu mara unapofika kwenye chumba chenye hita ni kuualika upasuke. Uache ndani ya mfuko wake dakika kumi na tano, kisha shika kiungo cha juu mikononi mpaka kipate joto la mwili, ndipo uanze na nota za chini. Kila ukimaliza pitisha kitambaa, na viungo ukavikaushe kimoja kimoja. Maji yakibaki kwenye tundu la juu utayasikia yakigugumia katikati ya honi ya watu.

Ridi nazo zianze kutayarishwa sasa. Chagua sita, ziandike namba kwa penseli kwenye upande wa chini, puliza kila moja dakika tano kwa siku wiki ya kwanza, usizidishe. Hewa ya hita hukausha sana, ridi iliyokuwa tamu jioni huwa imepinda asubuhi. Ziweke kwenye kijisanduku kinachofungwa. Wiki mbili kabla ya tamasha utajua mbili zipi zinaanza nota ya chini bila mlio wa hewa kutangulia. Hizo ziache kwa siku hiyo.

Mwisho uliuliza kama uzishike nota zote kichwani. Hapana. Kwenye okestra karatasi iko mbele yako na hakuna atakayekudai uiache. Shika kichwani ule ukurasa wa kwanza tu, hadi Allegro inapoanza, ili pale kondakta anapoinua mkono macho yako yawe kwake na masikio kwa mwenzako.